Kisigino cha Kulia

4 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, ukiacha goti, na kwamba kifua cha Mama kimetulia. Mimi sijambo. Kazi ya mapokezi ni ileile: watu wanaingia kliniki wakichechemea, nawaandika, nawaketisha.

Mama ameniambia kwamba siku hizi huinuki kwenye kigoda mpaka ushike meza, na kwamba unafikiria kufunga kibanda. Umeshona viatu miaka thelathini na minne. Sitaki uache kazi kwa ajili ya goti ambalo hata halijatazamwa na mtu.

Nimekuwekea miadi tarehe 6 Aprili kwenye kliniki ya hukohuko kwenu. Wanatoa tiba kama ya hapa kwetu, ile ya kuusaidia mwili ujijenge upya. Usiogope, siku ya kwanza ni ya maswali tu. Daktari atakuuliza maumivu yalianza lini, yanazidi ukifanya nini, unakunywa dawa gani. Utavua viatu, atakutazama unavyotembea, atalikunja goti na kulinyoosha. Ataangalia eksirei, kwa hiyo nenda nayo. Mwisho atakwambia kama tiba inakufaa. Kuna wanaotolewa damu yao wenyewe, ikazungushwa kwenye mashine, zikatengwa zile chembe zinazoponya jeraha, zikachomwa gotini. Kuna wanaotumiwa seli za uboho. Na kuna wanaoambiwa kwamba haiwafai, wakarudi nyumbani.

Vaa suruali pana inayoweza kupandishwa juu ya goti. Andika dawa zako zote, hata zile unazonunua kichochoroni ukidhani Mama hajui.

Mwanao

15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, mama yako mzima, na kifua chake kinatulia kila akipata nafasi ya kunisema. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa kucheka.

Eti mwili ujijenge upya. Nimeshika maelfu ya soli zilizolika na sijaona hata moja iliyojiotesha ngozi. Kitu kikilika unakibandua, unabandika kingine, na kama huna cha kubandika unanyamaza. Hao mabingwa wako wamegundua kumtoa mtu damu mkononi na kumrudishia gotini, kama mtu anayetoa kiatu kabatini, akakitia uvunguni, kisha akatangaza amenunua kipya. Na wewe niliyekusomesha ndiyo kazi yako kuwapangia watu viti wasubiri mbwembwe hizo.

Jirani yangu fundi saa alikwenda mwaka jana kwenye kliniki moja ya namna hiyo. Wakamvika gauni la karatasi, wakamwonyesha picha ya mzee anayeruka kamba, wakamchoma sindano siku hiyohiyo. Mpaka leo anashuka ngazi kinyumenyume, lakini picha anaisifu.

Goti langu nalijua, ni la urithi. Baba yangu alikuwa na mguu wa kulia mfupi, mimi ninao, na wewe unao. Ndiyo maana toka ukiwa na miaka saba nilikuinulia kisigino cha kulia katika kila kiatu nilichokushonea. Jambo hilo halikuhitaji mtu wa koti jeupe.

Nitakwenda, kwa sababu mama yako ameapa kutonisemesha nisipokwenda. Nitakaa, nitasikiliza porojo, nitarudi. Na usinipigie simu kuhusu jambo hili. Maneno ya simu hayatundikiki kwenye msumari.

Baba yako, Fundi

24 Machi

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima. Barua yako nimeisoma mara moja, imetosha.

Fundi saa alipigwa changa la macho, hilo nakubali. Kliniki ikitaka kukuchoma siku ya kwanza, au ikikuahidi goti la kijana, inuka uondoke. Muulize daktari amewatibu wangapi wenye goti kama lako, na wangapi kati yao hawakupata nafuu. Akilikwepa swali hilo, hana haja na wewe, ana haja na goti.

Ila na wewe usijitie ujabali. Wagonjwa wa aina yako nawaona kila siku. Wanameza vidonge viwili mlangoni, wanatembea kama maaskari mbele ya daktari, wakitoka wanashika ukuta. Halafu wanasema daktari hakuona kitu. Watu wazima hao, na wana wajukuu.

Nenda na viatu vyako vya kila siku. Daktari mzuri huvigeuza akatazama soli. Hapo angalau mtakuwa na la kuzungumza.

Mwanao

9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Sisi hatujambo. Nimekwenda.

Chumba cha kusubiria kina viti vyeupe vya plastiki, na mezani pana goti la plastiki lililofungwa kwa skrubu. Karani wao alinipa fomu huku akitafuna ubani, akaniuliza umri wangu mara tatu. Nikajiuliza kama na wewe ndivyo unavyowafanyia watu.

Daktari ni kijana. Viatu vyake ni vya dukani, gundi tupu bila uzi, na soli ya kushoto imeanza kuachama. Mtu asiyeuona mguu wake mwenyewe ndiye atakayeuona wangu. Nilimuuliza lile swali lako kusudi nimfedheheshe. Akanijibu bila kupepesa kwamba wengine hupata nafuu, wengine hawapati kitu, kwamba ushahidi bado haujakamilika, na kwamba yeye hana uwezo wa kujua mapema nani atapona. Nilitegemea anidanganye. Nikakosa la kudharau, nikarudi kwenye viatu vyake.

Akanitembeza peku ukumbini, kwenda na kurudi. Akanilaza kitandani, akatoa tepu ya fundi cherehani, akanipima kuanzia mfupa wa nyonga mpaka kifundo cha mguu, kulia na kushoto. Akarudia mara tatu. Halafu akakichukua kiatu changu cha kulia, akakibonyeza kisigino, akauliza nani aliyekiinua. Nikamwambia kwa fahari kwamba ni mimi, unene wa kidole, ngozi safi isiyo na kiraka.

Akasema, "Mzee, miguu yako ipo sawa. Hiki ndicho kinachokula goti lako."

Eti nimekaa miaka thelathini na minne kwenye kigoda nimejipinda, kalibu ya kiatu juu ya paja la kulia, nagonga. Eti nyonga imepanda, nami nikaona mguu umepungua. Hatanichoma sindano yoyote. Anataka niubandue mwinuko tabaka kwa tabaka, nifanye mazoezi ya kuinua mguu nikiwa nimelala kama mtoto mchanga, nirudi baada ya miezi mitatu. Kitoto kile kinanifundisha mimi kisigino. Nilivaa viatu vyangu nikatoka bila kuaga.

Najua utamwamini yeye. Wewe ndiye uliyeviacha viatu nilivyokushonea, siku unaondoka, ukaviweka nyuma ya mlango na kwenda zako na raba za dukani. Nilivishona wiki tatu. Miaka sita sijalitaja jambo hilo. Leo nimelitaja.

Baba yako, Fundi

20 Aprili

Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na ninaomba usome mpaka mwisho kabla hujaitupa karatasi hii.

Viliniumiza. Si vile tu, vyote, toka nikiwa na miaka saba. Nyonga iliniuma, mgongo uliniuma, na shuleni nilikuwa navivua chini ya dawati. Sikusema, kwa sababu ulikuwa unavishona kwa mkono na kuwaonyesha wateja kabla hujanivisha. Mtoto atasema nini mbele ya wateja?

Wiki ya pili ya kazi hapa, daktari mmoja aliniona nimesimama upande. Akanipima kwa tepu kama alivyokupima mwenzake. Miguu yangu ipo sawa, Baba. Haijawahi kupishana.

Nilikasirika, nikakudharau. Miaka sita nimekudharau kimyakimya huku nakuandikia salamu. Nilipokuwekea miadi sikuwa na hakika kama goti lako lina tiba. Nilitaka mtu wa koti jeupe akipime kisigino chako, maana nikikwambia mimi ungecheka.

Kama unataka kujua kwa nini nilikuwa nachechemea nikiwa mdogo, muulize Mama. Aliniambia zamani.

Mwanao

2 Julai

Mwanangu,

Marahaba, ingawa ni ya miezi miwili. Mama yako mzima. Mimi nimo.

Nilimuuliza. Alikuwa anakunja nguo na hakuinua uso. "Mtoto alikuwa anakuiga," akasema. "Kila asubuhi anakufuata nyuma mpaka kibandani, ukiyumba naye anayumba. Nilikwambia. Ukasema mimi sijui viatu."

Nikawanunia nyote. Mama yako kwa kusema, wewe kwa kunyamaza, daktari kwa kuzaliwa. Wiki mbili nilikuwa nagonga misumari mpaka inapinda. Halafu siku moja akaja mteja mpya, nikamsimamisha kwenye karatasi ya kaki nikamchora mguu kama ninavyomchora kila mtu, nikaenda kuitundika kwenye msumari. Unaujua msumari ule. Michoro ya mtaa mzima ipo pale, mpaka ya fundi saa, ambaye hajawahi kuchukua kiatu siku tuliyopatana. Nikaipekua yote, mmoja mmoja. Wangu haupo. Wako haupo.

Nimewapima kwa penseli watu nisiowajua hata majina, mwanangu nikampima kwa jicho. Kazi ya namna hiyo ikiletwa kibandani kwangu, namwambia mwenye kiatu kwamba aliyekishona akauze mkaa. Nimewacheka mafundi wa mtaa huu kwa makosa madogo kuliko hilo, tena mbele ya watu. Nilikuumiza mwanangu kwa ujuaji wangu, na kila nikikaa kigodani nalikumbuka lile dawati.

Mwinuko nimeubandua. Limebaki tabaka moja, jembamba kama ganda la kitunguu. Nainua mguu kitandani kila asubuhi na mama yako anahesabu kwa sauti, kwa makusudi. Goti bado linauma ila siku nyingi nainuka bila kushika meza, na kibanda sifungi. Tarehe 6 narudi kwa yule kijana. Nimetia sindano na uzi mfukoni, atavua kiatu kile cha kushoto kabla hajanigusa. Uhodari wake nimeukubali lakini soli ile siivumilii.

Sasa nina ombi. Tafuta karatasi kubwa, simama wima, uzito sawa miguu yote miwili, mtu akuchore. Penseli isimame, isilale. Kama hutaki, usijibu, nami sitauliza tena.

Baba yako

30 Julai

Baba,

Shikamoo. Wazima sote.

Hii ndiyo miguu yangu, wa kushoto na wa kulia. Nimechorwa na daktari wa hapa. Alilaza penseli mara mbili, nikamwambia hata kalamu ya shule hajui kuishika, akaanza upya.

Nataka vyeusi, vya kamba, visigino sawa. Usimwonyeshe mteja yeyote kabla sijavivaa mimi. Ukishakata ngozi, mchoro huu utundike pale msumarini na ya wengine.

Mwanao