Jina Juu ya Mlango wa Bwana Abanethi

Jumatatu, 5 Rajabu 1254

Sijamwambia mtu, hata Mama. Lile jina lililochongwa juu ya mlango wa Bwana Abanethi nimeliandika mimi.

Bwana Abanethi ni mtunzi wa vitabu. Ukimwita Mwingereza ananuna – yeye Mskoti! Kwao, anasema, watu hutoka miji ya mbali kuja kuitazama nyumba yake ya shamba: miti aliyoipanda mwenyewe, panga za watu waliokufa zamani ukutani, mawe ya magofu aliyoyajengea kuta. Sasa amejenga nyingine ndogo, mfano wa ile, hapa kisiwani Nosy Be, kilimani, na mnara pembeni. Mama humcheka: "Mzungu kajijengea kaburi, kasahau kufa." Lakini mikate anamwokea, nami humpelekea.

Alimuuliza kila mtu jina la mfalme wa Wasakalava aliyekufa Mahajanga. Hakuna aliyemjibu. Kwao mfalme akifa hupewa jina jipya. La zamani ni mwiko kulitamka. Mimi nililiona kwenye barua ya marehemu babu. Nami nimehitimu Msahafu mwezi jana, nikajiona najua. Mwiko ni wa ulimi, nikawaza. Kalamu haina ulimi. Nikamwandikia. Nilidhani litakwenda kitabuni, huko kwao.

Kumbe kamwita mwashi alichonge vilevile nilivyoandika!

Jumatano, 7 Rajabu

Soa, Msakalava anayefagia kwa Bwana Abanethi, hajui kusoma hata alifu. Leo kasimama mlangoni, haingii. Akaniuliza kwa Kibuki, lugha yao, ni nani anayeita humo ndani. Hakuna mtu, nikamwambia. Akapiga magoti.

Ndani, Bwana Abanethi alikuwa akiandika amesimama, kama kila asubuhi. Ana furaha! Nyumba sasa ina mwenyewe, anasema. Kwao pia wafu huachiwa chumba.

Vikombe viwili mezani, vyote vinafuka moshi. Huwa anakunywa peke yake.

Ijumaa, 9 Rajabu

Wanaume wametoka msikitini wakapanda kilimani. Wamelisoma. Bwana Abanethi kakataa kulifuta, kakataa na kumtaja aliyemwandikia.

Wanasema mwandiko ni wa Mwalimu Mdahoma – herufi ya kafu ina mkia mrefu. Lakini ndiye aliyetufundisha sote kuandika chuoni! Wakuu wa malkia wa Wasakalava wamemkamata. Mama anasema watamtoa kisiwani, kama si kumuua. Nikaendelea kumenya vitunguu.

Jumapili, 11 Rajabu

Kaletwa bibi mmoja mzaliwa wa Mahajanga, ambaye pepo za wafalme waliokufa humpanda. Adhuhuri, jua kali, watu wote mbele ya mlango ule. Bibi mwenyewe mdogo wa mwili, mnyonge. Akakohoa, akakohoa – akainuka na sauti ya mzee wa kiume! Akauliza kaitwa na nani.

Mwalimu Mdahoma akasogea na mikono yake iliyofungwa. "Mimi, bwana wangu."

Uongo! Na alinitazama mimi. Anajua.

Mzee yule, kwa mikono ya bibi, akaushika mkono wa Mwalimu, akaunusa, akacheka. "Huu mkubwa. Ulioniita ni mdogo. Unanuka mkate."

Nikakimbia.

Sasa nimo chumbani. Nimesugua vidole kwa limau, wino hautoki. Mama bado yuko kilimani. Mwalimu hawatamfungua mpaka mkono ulioandika upatikane, niliwasikia wakisema nikikimbia. Nirudi. Nitarudi. Lakini mlango nimeukomea.

Kuna anayeita uani. Jina langu, na la baba, na la babu, yote kwa mpangilio kama tulivyoitwa chuoni. Ni sauti ya yule mzee. Nimechungulia. Uani kuna kuku tu.

Nililiita lake, naye analiita langu.

Mara ya pili. Nikiitika, labda Mwalimu ataachwa. Nikiitika, sijui nitakwenda wapi.

Nimepekua karatasi hizi zote. Jina langu sijaliandika popote, alhamdulillahi. Basi wewe unayesoma, kama upo, usilitafute. Na ukilijua usilitamke, usimwambie mtu –

Mara ya tatu. Sauti iko mlangoni.