Wanataka Kumpima Umri Babu Yetu wa Qurayyat

Bi Buthaina mshauri wetu, nisaidie, na tafadhali barua yangu usiisome kwa ile sauti ya msiba unayowasomea walioachwa, mie mke wangu yupo na ananigombeza kila siku, alhamdulillah. Nimezaliwa Unguja, tukarudi huku Oman mwaka sabiini na nne, na watu wakituuliza, "Nyie Wazanzibari, kwenu khasa wapi?" hatuna la kujibu, mpaka ami yangu akatupeleka Qurayyat akatuonesha rundo la mawe juu ya kilima, akasema huyu ndiye babu yetu wa kwanza, basi tangu hapo kila Idi nawapakia watoto na wajukuu garini tukamsomee Fatiha, tumfukizie ubani, tule na halua, na mie barazani sishikiki, nna babu mwenye kilima chake! Sasa mjukuu wangu Mazoon, kasomea kuchimba vya kale, na kazi yake ya mwanzo ni hapo hapo, ati watafute jino au kipande cha mkaa wakapime kaboni, maana kitu kikishakufa kaboni yake hupungua kidogo kidogo, ndo wajue kafa lini. Nikamwambia, "Mwanamke haulizwi umri, maiti ndo aulizwe?" Akacheka, kisha akanambia, "Babu, makaburi yale huenda yana miaka elfu nne, tano. Lakini ukikataa, siendi, wataenda wenzangu." Hilo ndilo linaloniuma, mtoto kaisubiri kazi hii, nami naogopa kuonekana nimemsomea Fatiha mtu aliyekufa kabla haijateremshwa, na wa barazani wanicheke mpaka nizikwe. Nimkatalie?

Sleyum, Mabela

Shikamoo mzee wangu, na sasa niache nikugombeze mie, bibi apumzike leo. Usimkatalie! Ami yako ulimwamini bila ya kumuuliza hata swali moja. Mjukuu anakutaka ruhusa kwa adabu, unataka kumnyima kwa kuogopa vicheko?

Najua kuulizwa kwenu wapi kunavyochosha. Lakini unadhani Mazoon kazi hii kaipendea wapi? Kwenye rundo lako hilo hilo, Idi, na halua mkononi.

Ila kuna jambo umelitaja ukalipita mbio. Ubani unafukizwa juu ya makaa, mzee. Umeyamwaga wapi miaka yote hiyo? Wakiokota ya kwako watatwambia marehemu kafa Idi iliyopita! Basi leo hii mpigie mtoto, mwambie nenda, na mie nakuja. Mkifika, muoneshe kila pembe uliyomwaga, asije akabeba mkaa wako akaupeleka kupimwa.

Jawabu likitoka, usingoje wa barazani walisikie kwa mwengine. Nenda mwenyewe, waambie umri wa marehemu, ucheke wa kwanza, kisha waambie nani kauvumbua. Babu mwenye kilima huenda ukamkosa, mzee Sleyum. Mjukuu mwenye kilima unaye.