Nilirekebisha programu kwa siri, sasa mzee asiye na kosa anafukuzwa kazi

Mpendwa Mama Immaculata,

Nakuomba unisaidie katika jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama yangu mzazi aliyeko Usevya, kwa sababu kila nikitaka kulisema ulimi unakauka. Mimi ni binti wa miaka ishirini na mitatu, karani katika chama cha warina asali hapa Mpanda, nimeajiriwa tangu Januari mwaka huu wa 1998 na bado niko kwenye miezi ya majaribio. Niliajiriwa kwa sababu nilisoma kozi ya kompyuta Dar es Salaam kwa mwaka mmoja, na chama kilipopewa kompyuta na wafadhili hakukuwa na mtu mwingine wa kuigusa, basi mratibu wetu, Bwana Mbaruku, akaniambia nitengeneze programu ya kuandikia wanachama, kila mmoja na alama anayochonga kwenye mizinga yake na sehemu za msitu anakotundika, ili vibali vya kuingia porini vitolewe kufuata orodha hiyo.

Programu niliiandika mwenyewe, Mama, kwa vifaa vya kutengenezea madirisha na vitufe nilivyofundishwa chuoni, na nilihangaika sana na namna inavyoanza. Ukiifungua inakukaribisha kwa jina la chama, inasoma majina yote kutoka kwenye diski, halafu inakuwekea ukurasa mtupu wa kumwandika mtu mpya. Wageni walipoletwa kuitazama walipiga makofi. Namna inavyofungwa niliifikiria jioni moja tu. Niliweka kitufe cha Toka chini ya ukurasa wa orodha, ili karani aone majina yote kabla ya kuondoka, na kazi nzima ya kuhifadhi majina kwenye diski nikaiweka ndani ya kitufe hicho. Lakini dirisha lina pia alama ya X kwenye kona ya juu, ambayo kompyuta huiweka yenyewe bila kuombwa, na mimi sikuandika chochote cha kufanyika mtu akifungia hapo. Sikuona haja, kwa sababu mimi mwenyewe siku zote nilikuwa natoka kwa Toka.

Mwezi wa nne mama aliugua, nikaomba ruhusa ya wiki mbili kwenda kumuuguza, na kazi ya kuandika watu ikaachwa kwa Mzee Evarist, karani wa siku nyingi, mtu wa Sumbawanga aliyeanza kazi na taipureta. Wiki hizo ndizo warina wa Ugalla walikuja kwa wingi. Sasa wewe huenda hujui, lakini mrina wa huku hakutajii mahali alipotundika mizinga huku mwenzake anasikia au anaona, ni kama kumwambia mwizi funguo ziko wapi. Mzee Evarist analijua hilo, tena yeye ameoa kwa warina. Basi alikuwa anaingiza mtu mmoja mmoja, anamkalisha ubavuni, anaandika, akimaliza anaifunga programu yote kabla hajamwita wa pili, na kwa wa pili anaifungua upya kwenye ukurasa mtupu. Kwenye orodha hakuenda hata mara moja, maana pale majina ya watu wote yako wazi na mgeni amekaa karibu. Alifungia kwenye X. Watu mia moja sitini na watatu kwa hesabu yake mwenyewe, Mama, na kila mmoja alipokuwa anasema asante na kuinuka, jina lake nalo lilikuwa limekwisha kupotea.

Niliporudi Bwana Mbaruku alitaka orodha ichapishwe. Ikatoka ileile ya mwezi wa tatu.

"Mzee Evarist, watu wako wako wapi?"

"Wamo humo ndani, Bwana Mratibu. Nimewaandika kwa mkono wangu huu."

"Humu hamna mtu."

Sikuzani, anayetupikia chai, alikuwa mlangoni na birika. "Labda mzee aliwaandika usingizini," akasema, na watu wakacheka, na mzee naye akacheka kidogo kwa adabu, kwa sababu alidhani bado ni utani.

Mimi nilijua palepale. Mchana wenzangu walipokwenda kula nilijaribu, nikaandika jina la uongo, nikafungia kwenye X, nikafungua, jina halipo. Hapo ndipo nilipokosea zaidi kuliko nilivyokosea mwanzo. Badala ya kwenda kusema, nilinakili programu ya zamani kwenye diski ndogo, nikaitia kwenye mkoba wangu, kisha nikairekebisha ile ya kwenye kompyuta ili ihifadhi majina mtu akifungia popote. Ilinichukua muda mfupi kuliko kunywa chai. Nilijiambia angalau haitatokea tena.

Kesho yake Bwana Mbaruku aliamua kuipima programu mbele yetu sote. Akaandika jina, akafungia kwenye X, akafungua, jina lipo. Akamgeukia mzee: "Unaona? Mashine haina tatizo. Kwa hiyo majina yamefutwa, na aliyekuwa anakaa hapa ni wewe." Nami nilikuwa nimesimama pale na kalamu mkononi. Tangu siku hiyo maneno yamezagaa kwamba mzee amewafuta watu ili shemeji zake wapate sehemu nzuri za msitu kabla ya wengine. Amesimamishwa, na kamati itakaa Ijumaa tarehe 29 Mei kumfukuza.

Kinachonitesa kuliko vyote ni kwamba juzi alinisubiri karibu na stesheni, akanisalimia vizuri, akaniuliza, "Mwanangu, wewe umesoma. Hebu niambie bila kunificha, nilibonyeza wapi vibaya?" Nikamjibu, "Sijui, Mzee." Akasema, "Basi, kama hata wewe hujui," akaniaga akaenda zake.

Nikisema, nitafukuzwa mimi, na nyumbani wote wanamtegemea binti wao wa kompyuta. Nisiposema, sijui nitaishije. Nimefikiria kumwandikia Bwana Mbaruku barua isiyo na jina. Nimefikiria kuomba uhamisho. Naomba unishauri, na tafadhali usilitaje jina langu.

Karani mwenye hofu, Mpanda.

MAMA IMMACULATA ANAJIBU

Binti yangu, pole kwa ugonjwa wa mama, na pole kwa usiku unaoupitisha bila usingizi. Pole zimeishia hapo.

Umenieleza kwa kirefu ulivyosahau mlango mmoja wa programu yako. Kwa hilo sina ugomvi na wewe. Nimemuuliza fundi wa kompyuta wa hapa gazetini, akasema waandishi wa programu wengi wanajenga mwanzo kwa upendo na mwisho kwa haraka, na kwamba programu inatakiwa ihifadhi kazi, au angalau imuulize mtu, kabla ya kufungwa kwa njia yoyote ile. Ulikuwa mgeni wa kazi, hukujua. Bwana Mbaruku naye hakuijaribu kabla ya kuita wageni wapige makofi.

Lakini ulipoirekebisha ukanyamaza, ulichukua ushahidi wa mzee wa watu ukautia mkobani. Kipimo cha mratibu kilimhukumu kwa sababu yako. Na pale stesheni, alipokuuliza kwa upole, ulikuwa na jibu lote mdomoni. Usiniambie ulimi ulikauka. Ulimi uleule ulisema "sijui" vizuri kabisa.

Sasa sikiliza. Barua isiyo na jina usiandike. Itasemwa imeandikwa na shemeji zake na itammaliza. Uhamisho usiombe, maana ukiondoka na hiyo diski hakuna mwingine duniani wa kumtetea.

Unaanza na mzee mwenyewe. Nenda nyumbani kwake mchana, mbele ya mkewe, kwa sababu huyo mama naye anasikia yanayosemwa kisimani kuhusu ndugu zake. Usianze na hadithi ya chuo. Mwambie: "Mzee, hukubonyeza vibaya popote. Programu yangu ilikuwa na kosa, nami nikalificha." Akikasirika, kaa umsikilize. Akinyamaza, kaa pia. Usimwombe akuhurumie, ana kazi nyingine ya kufanya siku hizo.

Kutoka hapo nenda kwa Bwana Mbaruku kabla ya Ijumaa, umwombe nafasi mbele ya kamati. Nenda na ile diski. Waonyeshe programu ya zamani, umkalishe mjumbe mmoja kwenye kompyuta aandike jina analotaka yeye, afungie kwenye X, afungue tena ajionee mwenyewe. Kisha aandike tena na atoke kwa Toka. Hapo hutahitaji maneno mengi. Waeleze pia kwa nini mzee alifunga baada ya kila mtu, kwa sababu wajumbe hao nao ni warina, watakuwa wa kwanza kuelewa kwamba alikuwa analinda siri zao.

Usiseme "tulikosea". Sema "nilikosea". Na usipeleke barua ya kuacha kazi mfukoni ili waione wakuonee huruma. Waache waamue wao.

Halafu kuna watu mia moja sitini na watatu ambao bado hawana kibali na porini wanaingia Juni. Omba kwenda Ugalla ukawaandike upya, kwa daftari na kalamu, mmoja mmoja, mwingine akiwa mbali asikokusikia. Omba uende na Mzee Evarist ikiwa atakubali kusafiri na wewe. Watu hao wanamfahamu yeye, wewe hawakufahamu. Nauli na unga wa njiani usingoje chama kikupe.

Inawezekana watakufukuza. Siwezi kukudanganya kwamba ukweli hulipwa mshahara. Mama yako atasikitika, kisha atapika, mtakula, na mwaka ujao utakuwa karani mahali pengine, tena karani anayejua kufunga programu.

Barua yako imenifikia baada ya siku tisa njiani, na gazeti hili huja kwenu kwa treni. Ukiwa unasoma mstari huu huenda umebakiwa na siku tatu. Wewe una miaka ishirini na mitatu na kazi nyingi mbele yako. Yeye hana nyingine zaidi ya hiyo, na jina lake. Funga gazeti, uvae viatu.