Jina Webster na Jiwe la Kaburi Lako

Mpendwa Papa,

Barua hii naiandika wazi, aisome yeyote, kwa sababu maneno yaliyosemwa juu yako nayo yalisemwa wazi. Ilikuwa siku ya kumaliza matanga yako, kwenye ukumbi wa kanisa letu hapa Ubelgiji. Nilikuwa nimebeba sinia la vikombe. Mama mmoja, ambaye sitamtaja, alimgeukia mwenzake akasema bila hata kushusha sauti: "Bon, muntu wa Likasi anaitwa Webster? Ile papier alinunua kwa nani?"

Wakacheka, kana kwamba hati zako zilikuwa za kununua. Mimi unanijua. Niliweka sinia mezani, nikajifungia chooni mpaka chai ikaisha.

Zamani jina hilo lilituchekesha sisi wenyewe. Ulikuwa mlinzi kwenye jengo la ofisi karibu na kituo cha Schuman, na kwenye beji yako iliandikwa J. WEBSTER. Wageni kutoka London waliisoma, wakakuuliza familia yenu inatoka upande gani wa Uingereza. "Likasi," ulijibu kwa heshima zote, ukitaja mji ulikozaliwa, kule Zaire ya zamani, na wengine wakaitikia kwa kichwa kana kwamba wanapafahamu. Jumapili, kwenye soko la Gare du Midi, yule maman muuza sombe, kisamvu chetu, alikuita toka mbali: "Mwingereza! Kuya huku, leo niko na samaki ya malkia!" Nawe ukamjibu kwamba malkia yuko nyumbani kwetu, mtaa wa Saint-Gilles, ana njaa, na akikasirika wote wawili mtakiona.

Nilipokuwa na miaka kumi nilikuuliza maana ya Webster. Tulikuwa tunapanda ngazi za nyumba yetu, wewe mbele na mfuko wa viazi. Ulisimama.

"Ni jina ya mwanamuke mumoja muzuri," ulisema.

"Mwanamke gani?"

"Utajua ukikomaa."

Ukaendelea kupanda. Jibu hilo lilinitosha kwa miaka sita. Baada ya yale maneno ya ukumbini, halikunitosha tena.

Nilifanya jambo ninaloliweza: nilienda maktaba. Papa, Webster ni jina la kazi. Katika Kiingereza cha kale lilimaanisha mfumaji wa nguo, na mwanzoni kabisa mfumaji mwanamke. Baadaye wanaume nao waliofuma waliitwa hivyo, watoto wakarithi, na kazi ikasahaulika, jina likabaki. Si jina la kila mlango kama Smith, lakini lipo kwa wingi kaskazini mwa Uingereza na huko Uskoti, na wahamiaji walilibeba mpaka Amerika na Australia. Nilinakili yote kwenye daftari langu. Halafu nikaona kwamba kitabu kimenieleza habari za mamia ya watu nisiowajua, na juu yako hakina neno.

Basi nikafungua droo yako. Nisamehe. Cheti chako cha shule ya msingi kilisema Kabange, Kabange peke yake. Pasipoti yako ilisema Webster Kabange Joseph. Nilikaa sakafuni na karatasi hizo mbili. Ubelgiji humpa mtoto jina la baba yake, kwa hiyo kama Webster lilikuwa la mtu mwingine, hata mimi nilikuwa natembea na jina la mtu mwingine. Mama sikuthubutu kumuuliza. Kwa wiki tatu nilikula nikiwa nimeinamia sahani. Mwalimu alipoita "Mademoiselle Webster" darasani, nilishtuka kama mwizi aliyeitwa.

Ndipo likaja suala la jiwe. Mchongaji alitaka maandishi ya kaburi lako kabla ya Alhamisi saa kumi jioni, la sivyo tungesubiri mpaka baada ya majira ya baridi. Tonton Ilunga, mdogo wako, akampigia Mama simu: "Waandike Joseph Kabange. Kabange tu. Ile Webster, waiache." Mama amechoka, Papa. Alisema tutaangalia. Nami nikaelewa kwamba Tonton naye anaamini jina ulilinunua.

Jumatano, nikitoka shule, nilimpigia Tantine Odile, dada yako mkubwa aliyebaki Likasi. Nilianza bila hata salamu, akadhani kuna msiba mwingine. Nilipomaliza kueleza, akafoka.

"Alinunua? Nani anasema alinunua? Mi nilikuwa pale! Nilikuwa na miaka munane!"

Akanisimulia. Bibi alikaa na uchungu siku mbili, mtoto hatoki. Babu akamsukuma kwenye baiskeli mpaka zahanati ya misheni, na mkunga Mwingereza, Miss Webster, hakulala wala hakula mpaka ulipolia. Babu aliapa mbele yake: mtoto huyu atabeba jina lako. Kwetu ndivyo ilivyo, kila mtoto hupewa jina lake, la babu, la rafiki, la mtu aliyemwokoa. Ndiyo maana wewe ni Webster Kabange na mdogo wako ni Ilunga, na mmetoka tumbo moja. Kisha Zaire ikakataza majina ya kizungu, na shuleni ukabaki Kabange. Katazo lilipoondolewa, Babu mwenyewe alikupeleka kulirudisha. Alisema nadhiri si nguo, huivui serikali ikibadilika.

"Kwa nini hakuniambia?" nilimuuliza.

"Mambo ya kuzaa haiambiwake mutoto. Alingojea ukomae. Kufa haikungojea."

Alhamisi Tonton alikuja saa tisa na nusu, bado amevaa koti la kazi. Mama alikuwa na simu mkononi, namba ya mchongaji tayari. Nilisimama karibu na friji, nikasema kwa mara ya kwanza mbele yake bila kuulizwa: "Tonton, jina ni la kweli. Tantine alikuwepo."

"Najua ni ya kweli," alisema. "Unafikiri mi sijue histoire ya mama yangu?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi mwingine kabisa.

Tonton alikaa. "Ile siku ya mwisho, pale hôpital, nilisema mi ni ndugu yake. Dame ya mapokezi akaangalia jina kwenye carte yangu. Ilunga. Akaangalia jina ya mugonjwa kwenye ordinateur. Webster. Akasema, Monsieur, famille tu ndiyo inaingia. Nikamuelezea, kwetu ni vile. Akasema ningojee. Nilingoja kwenye couloir, inje ya chumba, alors mama yako alipofika na kunifungulia mulango, ndugu yangu alikuwa amekwisha kuenda." Akajifuta uso kwa mkono wa koti. "Ile jina ilinifungia mulango. Na sasa munataka niisome kwenye jiwe kila Toussaint, siku ya kutembelea makaburi."

Mama aliketi. Saa ya ukutani ilionyesha kumi kasoro dakika ishirini. Papa, nilitamani uingie tu mlangoni useme neno lako moja ambalo lingemaliza kila kitu. Nilikuwa na ukweli wako mkononi, nao haukumfaa Tonton. Nilichukua daftari, nikageuza ukurasa wenye mambo ya maktaba, nikaandika upande wa pili, nikamsogezea Tonton. Sikuweza kusoma kwa sauti.

JOSEPH WEBSTER KABANGE
Kaka mkubwa wa Ilunga

Alisoma. Akasoma tena. Mama akauliza, "Placide?" maana ndilo jina la Tonton la ubatizo. Kisha aliomba kalamu, akafuta maneno matatu ya kwanza ya mstari wa chini.

"Andika Mukubwa. Mukubwa ya Ilunga. Njo vile nilikuwa ninamuita."

Mama akapiga simu. Mchongaji alimwomba arudie lile jina la kati herufi moja moja, na Tonton ndiye aliyezitaja, akianza na W.

Sijui kama ungekubali. Yule mama wa ukumbini huenda akasoma barua hii akasema tumezitunga habari hizi, na aseme. Mimi bado nina hasira nawe kidogo, kwa sababu ya ngazi zile, kwa sababu ulidhani una muda. Lakini leo mwalimu aliponiita, niliitika haraka.

Pumzika, Papa. Jiwe litawekwa Jumamosi, na Tonton atasimama mbele kabisa, pale wanaposimama ndugu.

Binti yako wa pekee