Mama Amesema

Kibirichia, Agosti

Kwako Mchungaji Mbaabu, huko Embu,

Huku baridi ni kali. Viazi vimeozea shambani na ng'ombe amezaa ndama dume. Habari zako sikuulizi.

Nilipokupigia simu nikilia kwamba mama amepooza, hasemi, namuuguza peke yangu na kichwa kinataka kupasuka, ulinijibu, "Dada, mshukuru Mungu, utatulia." Kisha ukakata simu ukaenda kwenye mkutano wako wa injili. Ni mama yako pia, Mbaabu.

Jana nikimlisha uji nilianza kumfokea Mungu kwa sauti: "Nikushukuru kwa nini? Niambie!"

Mama akanishika mkono. Akasema polepole, "Karwirwa, wewe umekula?"

Alikuwa hajatamka neno tangu augue. Nilipiga magoti pale pale nikasema asante, asante, mpaka moyo ukatulia. Usiku nililala usingizi.

Kwa hiyo ni kweli, shukrani hutuliza. Lakini usithubutu kuisimulia habari hii madhabahuni kana kwamba ni yako. Leo mama ameuliza uko wapi. Mimi sikumjibu. Njoo umjibu mwenyewe.

Ni mimi dada yako, bado,
Karwirwa