Kisanduku Cheupe na Chumba cha Magokoro

Jumapili, 12 Oktoba 2025

Kimefika! Tecla, dada yangu, ni muuguzi Kanada. Kila nikimlilia kuhusu kikohozi cha mama mkwe wangu hunijibu neno moja tu – pima kwanza, Nelvine, ndio uongee. Sasa amenitumia cha kupimia. Kisanduku cheupe, kinaenea kiganjani. Kimesafiri ndani ya soksi za mama mmoja wa kanisani aliyekuwa huko kumwona binti yake. Ukipitisha mkono mbele yake kinawaka taa. Kijani, hewa ni njema. Manjano, angalia. Nyekundu, kuna shida. Namba zenyewe zinakuja kwenye simu.

Kinanusa moshi, vumbi, unyevu, na kitu kinaitwa radoni. Radoni ndiyo nini? Tecla anasema ni gesi inayotoka ardhini, kwenye mawe na udongo, haina harufu wala rangi. Kwao watu hupima nyumba kama sisi tunavyopima maziwa kujua kama yametiwa maji. Hapa kwetu Roret sijawahi kuisikia.

Mokaya alikitazama mara moja. Akasema vizuri, sasa mama ataona kwa macho yake jinsi lile jiko linavyomuua. Jiko ni nyumba yake ya udongo, alikopikia na kulala miaka yote kabla hatujamjengea chumba cha mawe. Amehama usiku tu. Mchana yumo humo humo kwenye moshi wa kuni, na kikohozi hakimwachi. Tumekubaliana: Mokaya akipata likizo kiwandani, Jumamosi ya tarehe kumi na tano Novemba, jiko linabomolewa. Gesi tayari tumenunua. Mama hajakubali. Ukweli ni kwamba hata hajaulizwa sana.

Jumanne, 14 Oktoba

Asubuhi nilikipeleka jikoni kwa Magokoro. (Mtoto wangu Fancy humwita hivyo, nyanya kwa Kikisii cha kwao, na mimi nimefuata.) Moto haujashika vizuri, tayari manjano. Kidogo tu – nyekundu! Nilifurahi kama nimeshinda kitu. Mtu mzima anafurahia nyekundu!

Magokoro alikuwa anasonga ugali wa wimbi. Akasema hata macho yake yanajua kuna moshi, na hayatumii betri.

Halafu nikakumbuka vibuyu vyangu. Mimi ni Mkipsigis, mursik, maziwa yetu ya mgando, haiwezi kunikosa. Nikachoma kijiti cha mti wa senetwet nipate makaa ya kusugua kibuyu. Kile kisanduku kikazidi! Namba ikapita hata ile ya kuni zake. Magokoro alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akakaa chini.

"Sasa Mama Fancy, tunabomoa jiko ama tunabomoa kibuyu?"

 Nikampa maji.

Jumamosi, 18 Oktoba

Kiko sebuleni. Kijani, kijani, kijani. Nikikaanga vitunguu, manjano. Nikipuliza dawa ya mbu, nyekundu mara moja. Nikaweka viatu vya Mokaya kando yake, na soksi zake za wiki nzima. Kijani! Sikuamini, nikavisogeza karibu zaidi. Bado kijani. Kwa hivyo si kila kinachonuka ni sumu. Tecla akaandika kwamba hata si kila sumu inanuka, hiyo ndiyo shida ya radoni.

Namba ya radoni haina haraka. Inataka siku kadhaa mahali pamoja ndipo iseme kitu cha kuaminika. Hapa sebuleni iko chini, haina neno. Wauzaji wenzangu sokoni wananiuliza mbona siku hizi naangalia simu kama msichana mwenye mpenzi mpya.

Jumatatu, 20 Oktoba

Sikukuu ya Mashujaa. Duka langu la dawa za mifugo nimefunga mapema, nikapeleka kisanduku chumbani kwa Magokoro. Nilitaka namba nzuri ya kumwonyesha – ona, huku unakolala ni safi, kule jikoni ni sumu, basi achana na kule.

Alikizunguka kwanza kama kuku mgeni.

"Hiyo kitu iko na macho?"

Hapana, Magokoro.

"Iko na masikio? Mimi huomba kwa sauti. Na nguo je, nikibadilisha?"

Nikamwapia kwamba kinanusa tu. Akasema hata pua ni ya mtu. Mwishowe tukapatana: kikae juu ya kigoda karibu na kitanda, lakini kielekee ukutani.

Jumatatu, 27 Oktoba

Radoni chumbani kwa Magokoro: nyekundu. Nyekundu! Hakuna moto mle, hata mshumaa hakuna.

Nilidhani betri. Nikabadilisha. Nilidhani ni kule kuelekezwa ukutani. Nikakigeuza. Nikampigia Tecla, akauliza namba. Nikasoma: mia nne na kitu. Akaniambia nisome tena. Kwao ikipita mia moja watu huanza kuulizana, na ikipita mia mbili wanaita fundi.

Nikamuuliza, basi ndiyo inamkohoza? Akasema hapana, nisichanganye. Kikohozi ni moshi. Radoni haikohozi mtu, haiwashi macho, inakaa tu kwenye mapafu miaka na miaka, na siku moja ni saratani. Na moshi nao upo palepale. Kwa hivyo mchana tumemwachia sumu moja na usiku tumempa ya pili. Sisi! Kwa mawe yetu wenyewe na kwa mapenzi yetu yote.

Fancy amefunga shule Ijumaa, amerudi kutoka bweni kule Sigor, na kama kawaida akaenda moja kwa moja kitandani kwa nyanya yake. Leo nimemwambia atalala kwenye kochi. Nimesingizia kunguni.

Jumatano, 29 Oktoba

Nimekizunguka kile chumba nje na ndani, na sasa sikioni tena nilivyokuwa nikikiona kila siku.

Tulikichimbia kwenye mteremko. Nyuma ni udongo wa kilima, na upande mmoja pia ni udongo mpaka karibu na paa. Mbele kuna mlango na dirisha dogo. Upande wa nne ni ukuta wetu, wa chumbani kwangu na Mokaya. Hauna mlango. Mama haingii kwa mwanawe. Kwa Kikisii wanaita chinsoni, heshima ya kuoneana haya kati ya mzazi na mtoto. Mama kulala chini ya paa la mwanawe tayari ni jambo, ndiyo maana ana mlango wake wa nje. Lakini kuvuka kizingiti cha chumba anacholala mwanawe na mkewe? Hapana. Haijawahi kutokea.

Mwanzoni ukuta huo ulikuwa na matundu ya hewa huko juu, kama ukuta wowote. Mokaya ndiye aliyemwambia fundi ayazibe kwa plasta. Hakueleza, na mimi sikuuliza. Nilijua. Sauti zingepita. Na matundu ya mbele yakazibwa pia, kwa sababu Magokoro alilia baridi, na baridi ya huku si ya mchezo. Chumba kikawa chungu kilichofunikwa.

Nyumba za wenzetu wangapi ziko hivyo? Hilo swali haliniachi.

Jumapili, 2 Novemba

Nilimwambia Mokaya baada ya kanisa. Nilichagua maneno. Hayakusaidia.

Akasema kwa hivyo nyumba yake ni sumu. Akasema hicho kidude kimetengenezewa nyumba za wazungu, mawe yetu hakiyajui. Akasema mbona jikoni kikisema nyekundu nakiamini? Nikamjibu ndiyo maana nakiamini na huku! Hatuwezi kuamini kinachotufurahisha peke yake.

Nikataja matundu. Yale ya ukuta wetu. Akaangalia viatu vyake. Akasema, "Nelvine, yule ni mama yangu."

Akarudi kazini bila kumaliza chai. Jiko, amesema, litabomolewa Jumamosi ile ile. Ogada fundi ameshaambiwa.

Nina hasira naye na ninamhurumia. Alichimba ule msingi kwa mikono yake.

Alhamisi, 6 Novemba

Majaribio. Ya kwanza niliyafanya wiki iliyopita, kisanduku kikiwa bado kwa Magokoro. Mchana nafungua mlango na dirisha la Magokoro, namba inashuka vizuri, mpaka nusu yake! Jioni anafunga, anaweka na gunia dirishani, inapanda. Kila siku hivyo. Ningekuwa mwalimu ningewachorea watoto ubaoni.

Nimemwomba alale dirisha likiwa wazi. Akanitazama kama nimemwomba alale shambani katikati ya majani chai.

Nimejaribu pia chumbani kwetu. Tangu Jumatatu kisanduku kiko juu ya kabati. Radoni ya huku ni ya chini kabisa, kijani tupu. Ukuta mmoja tu katikati! Hewa yetu inatoka juu kwenye matundu ya ukuta wa nje, inazunguka, inaondoka. Tecla anasema tukitoboa ukuta ule hewa itapita toka kwetu, ipite kwake, itokee juu ya mlango wake, na baridi haitakuwa kali. Baadaye tuzibe na nyufa za sakafu. Kazi ya siku moja, anasema. Tecla ameishi Kanada muda mrefu.

Jumatano, 12 Novemba

Magokoro alinifuata dukani. Hajawahi! Alikuja na lile koti lake la kanisani, akangoja mteja wa dawa ya kupe aondoke. Halafu akasema Kiswahili polepole, nisikose hata neno.

"Mama Fancy. Mtoto ametolewa kwa kitanda yangu. Nimeangalia kunguni, hakuna. Mimi niko na ugonjwa gani mnanificha?"

Machozi yalinitoka hapo hapo, kati ya magunia ya chumvi ya ng'ombe. Nikamwambia yote. Gesi ya ardhini, namba, plasta. Kwamba si yeye, ni chumba. Kwamba jikoni nako ni kubaya, asifikiri amepona. Kwamba mapafu yake yanaonewa pande zote mbili na mimi nimejua wiki mbili nzima bila kusema, nikiogopa mwanawe atahuzunika.

Hakukasirika. Aliuliza mambo. Hiyo gesi ilikuwepo hata zamani? Ndiyo. Mbona nyumba ya udongo haina? Kwa sababu inapumua kila upande, Magokoro, ndiyo maana hata mvua huingia. Akatikisa kichwa. Na kwenu, mnapolala, ni rangi gani? Kijani, nikasema. Aibu ilinishika kuitamka.

Akafunga vifungo vya koti. Halafu akasema Jumamosi Ogada akija, Mokaya avunje anachotaka, lakini asivunje kabla yeye hajaona hiyo kijani. Nikamwambia ninayo kwenye simu. Akasema simu ni ya kuambiwa.

Jumamosi, 15 Novemba

Naandika jikoni, kwenye kigoda, moshi machoni. Siwezi kungoja.

Mokaya alifika mapema na Ogada na nyundo mbili kubwa. Magokoro alikuwa ameshawasha moto humu humu, ndani ya jiko lenyewe la kubomolewa, anawapikia chai. Mokaya akakileta kisanduku toka chumbani kwetu, akakiweka mlangoni pa jiko. Nyekundu. "Unaona, mama?" Mama akasema anaona. Akasema pia ameambiwa kuhusu chumba alichojengewa.

Mokaya akanitazama! Nilitamani kuingia kwenye sufuria.

Akaanza kueleza – kidude, wazungu, mawe. Mama akamwacha amalize. Halafu akamwambia, bila ukali, kwamba yeye haogopi kufa na moshi wake alioujua, na haogopi kufa na gesi asiyoijua, lakini hataki Fancy aambiwe uongo wa kunguni kwa sababu watu wazima wanauonea haya ukuta. Ogada aligeuka akaanza kusafisha nyundo ambayo haikuwa chafu.

 Mokaya alichukua nyundo ndogo na patasi, akaingia ndani. Nikamfuata. Alisogeza kitanda chetu. Akapapasa ukuta mahali palipozibwa, akasimama na patasi mkononi, hapigi. Nikamsikia anapumua. Nikamwambia, Baba Fancy, piga tu. Akasema, "Atatusikia." Nikasema, ametusikia tayari.

Hapo ndipo nikaona kivuli mlangoni. Magokoro, kisanduku kifuani kama mtu aliyebeba kifaranga. Miguu yake kwenye kizingiti, nje. Amevua viatu. Mokaya alikuwa ameuelekea ukuta, hakugeuka, shingo yake yote ilijua ni nani. Mimi nilisahau hata kusema karibu.

Akainua mguu. Akaingia.

Alikirudisha juu ya kabati mwenyewe, akangoja kidogo, akapitisha mkono mbele yake kama nilivyomfundisha. Sikubaki kuona rangi. Nilikimbilia huku, nikasingizia chai.

Chai imechemka, imemwagika, hakuna aliyekuja. Ogada amechungulia, anauliza, "Mama Fancy, sasa tunavunja wapi?" Nimemwambia angoje. Amekaa mlangoni, nyundo kubwa magotini, anautazama ukuta huu wa udongo, na mimi nautazama.

Ndani nimesikia pigo moja.  Kisha sauti ya Magokoro, iko humo humo bado:

"Juu kidogo."