Panya Niliowaachilia Kanduyi

Mpendwa Shangazi Wakiuru,

Naomba unisaidie, kwa sababu jambo hili siwezi kumwambia mtu yeyote hapa nyumbani. Mimi ni Neelam, tunauza sare za shule mjini Bungoma na tunaishi juu ya duka, na mwaka huu panya walituvamia wakaanza kutafuna majora ya vitambaa, basi mume wangu Deep akaweka mtego wa gundi na asubuhi tukakuta kapanya kamenaswa miguu yote minne, kanalia, na mama mkwe wangu, ambaye kwa imani yake hajawahi kuua hata mende, akalia nako na kukataa chai. Nikaenda Kitale nikanunua mtego wa boksi, ule ambao panya akiingia mlango unajifunga bila kumuumiza, nikaweka siagi ya njugu ndani, na Shangazi, ulifanya kazi kweli.

Shida ikawa mahali pa kuwaachilia. Mama mkwe alinisisitizia, "Peleka mahali iko chakula. Hata yeye anasikia njaa." Kwa hivyo kila nikishamfikisha binti yangu Amrit shuleni huko Kanduyi nilisimamisha gari kwenye njia ya nyuma ya boma fulani lenye ghala la mahindi, nafungua boksi kwenye nyasi, panya anakimbia zake na mimi narudi nikijiona mtu mwema, na nilifanya hivyo mara kumi na tisa. Sikujua boma ni la nani. Sikuuliza.

Sasa juzi Nekoye, mjane ambaye ametushonea sare nyumbani kwake kwa miaka kumi na miwili, alileta sketi zimetobolewa, akalia mbele ya wateja. "Mama Amrit, si mimi. Hizi panya sijui zimetoka wapi, ati zimemaliza hata mahindi ya watoto." Nilimrudisha kwake kwa gari, mara yangu ya kwanza kufika huko, na tulipoingia nikaliona ghala lile lile. Nilishindwa hata kushuka. Deep naye amesema, "Huyo mama hana usafi, bana. Hiyo kazi tumpee fundi wa Kitale," na Jumatatu anapeleka vitambaa. Nekoye hana kazi nyingine. Nikisema, Deep atanionaje, na Nekoye mwenyewe je, na nikinyamaza nitawezaje kumtazama tena usoni?

Neelam, Bungoma

*

Neelam mwanangu,

Pole sana. Nimeisoma barua yako mara mbili na sijaona mtu mbaya ndani yake. Nimeona mtu aliyemhurumia panya vizuri kabisa, akasahau kwamba mahindi hayajiweki ghalani yenyewe. Na miaka kumi na miwili, mama, mtu anakushonea na hujui anakoishi? Hapo nimekugombeza, na nimemaliza.

Gundi usirudie tena, ni mateso, umejionea. Sumu usiiguse, na umzuie Nekoye asiinunue, maana panya aliyekula sumu huenda kufia kwenye mahindi yale yale, na kuku na watoto wako hapo. Boksi lako ni zuri, ila lichungulie asubuhi na jioni, kwani panya akisahaulika humo atakufa kwa kiu, na hiyo itakuwa huruma gani? Usimwachilie karibu na nyumba wala shamba la mtu. Tena mweleze mama mkwe kwa upole kwamba panya wa nyumbani akitupwa porini mara nyingi haishi sana. Anayempenda panya kweli amzuie asiingie: ziba kila tundu linalopitisha kalamu, kwa waya wa kusugulia sufuria na simiti juu yake, na vitambaa vilale kwenye masanduku ya bati.

Kwa Nekoye wameshazaliana. Akichagua mtego wa chuma unaoua papo hapo, usimhubirie. Chakula ni chake, na uamuzi ni wake.

Lakini hukuniandikia kwa sababu ya mitego. Mwambie Deep leo, wakati wa chai, mama mkwe akiwapo: "Panya wale niliwapeleka mimi." Atapiga kelele. Wenye maduka hupiga kelele kisha huuliza kama kuna chapati imebaki. Vitambaa visifike Kitale.

Kisha nenda Kanduyi kwa Nekoye bila zawadi yoyote mkononi, ili usijifiche nyuma yake. Sema yote, hata ile idadi. Anaweza kukufukuza, na ana haki. Ondoka kwa adabu, na kesho yake urudi na waya, simiti na mahindi ya kujaza yaliyoliwa.

Usingoje Jumatatu. Ninavyowajua mafundi wa aina yake, sasa hivi Nekoye anafagia chumba chake cha kushonea kwa mara ya nne, akitafuta uchafu ambao haukuwahi kuwepo. Nenda ukamwambie aweke ufagio chini.

Shangazi Wakiuru